Jioni Niliyoshika Kichwa cha Nisiyemjua

Jioni moja ya mvua za masika, nikisubiri matatu kando ya Barabara ya Jogoo, niliona bodaboda ikiteleza na abiria wake akirushwa hadi ukingoni mwa mtaro. Mwendeshaji aliinuka akichechemea, lakini abiria, kijana wa makamo ya mdogo wangu, alibaki chali akilalamika kwamba shingo inamuuma na vidole vinaingia ganzi.

Kabla sijamfikia, wanaume wanne walikuwa wamekwisha kumshika mabega na miguu ili wamtie katika gari dogo lililosimama karibu. Nia yao ilikuwa njema, na kwa sababu hiyo ilikuwa vigumu kuwazuia. Niliwaeleza kwamba ikiwa pingili ya shingo imevunjika, kumwinua hivyo kungeweza kuisogeza ikaziumiza neva zinazopita ndani yake, zikiwemo zile zinazoendesha upumuaji.

"Dada, unataka afie hapa?" mmoja alinifokea.

Nilimwomba apige 999, na makanga mmoja akajitolea kuelekeza magari upande wa pili. Kisha nikapiga magoti nyuma ya kichwa cha kijana, nikaegemeza viwiko ardhini na kuishika helmeti yake kwa viganja vyote viwili, bila kuvuta wala kugeuza. Mtu alitaka kuivua. Nilikataa, kwa kuwa kijana alikuwa akipumua na kuzungumza vizuri, nikaomba kioo cha mbele tu kifunguliwe. Mafunzo hayo ya huduma ya kwanza niliyapata kazini kwa siku mbili, nikiyahudhuria, kusema kweli, kwa ajili ya chai na mandazi.

"Kaka, nijibu kwa mdomo, usitikise kichwa," nilimrudia mara kadhaa, maana kila alipoulizwa kitu shingo ilitaka kuitikia yenyewe. Mama mboga alileta maji, nikamsihi asimnyweshe, naye bila kinyongo akavua leso yake akamfunika.

Ambulensi ilifika baada ya dakika 40 hivi, mikono yangu ikitetemeka. Wahudumu walikuwa wawili tu, hivyo mmoja akaniamuru nisiachilie: "Kichwa kiko kwako, kwa hiyo wewe ndiwe utakayehesabu." Nilihesabu hadi tatu, tukamgeuza kwa pamoja kama gogo, ubao ukaingizwa chini yake. Aliyeshika nyonga alikuwa yule yule aliyenifokea.

Kijana alipelekwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na leso ya mama mboga ikaenda naye.