Kikombe cha upande wa kulia: nilivyoifufua baiskeli ya Kiitaliano na kuipeleka kwenye barabara nyeupe za Toscana

Watu watatu waliniambia kwamba kikombe cha kulia cha ekseli ya pedali, yaani kile kifuniko cha chuma kinachoshika gololi upande wa mnyororo, hufunguliwa kwa kuzungusha kufuata mwendo wa saa. Wote watatu ni mafundi wa kweli, na wote walikuwa wanazungumzia baiskeli ya Kiingereza. Hakuna aliyeuliza fremu ilitoka nchi gani. Ushauri ule ulinilia siku mbili, ukaniharibia rangi, na ukazidi kukaza kitu nilichotaka kufungua. Naandika ili mwenye fremu ya Kiitaliano asipitie njia hiyo.

Fremu niliinunua Milano, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, pamoja na vifaa vyake vya Campagnolo Nuovo Record, kwa kama euro mia nne na ushee. Mabomba yake ni Columbus SL, chuma chepesi cha Kiitaliano. Unene wa bomba ni milimita 0.9 kwenye ncha na 0.6 katikati: nguvu imeachwa pale bomba linapoungwa na mengine, uzito umepunguzwa pasipo na kazi kubwa. Ndiyo maana fremu kama hii haibanwi kwenye jiliwa kwa katikati ya bomba. Itabonyea kama kopo la soda. Ibane kwa nguzo ya kiti, tena nguzo ya zamani ya chuma uliyoitenga kwa kazi hiyo. Nguzo sahihi ya SL ni milimita 27.2. Ikigoma na kuingia ya 26.8 tu, ama mdomo wa bomba umebonyezwa, ama fremu ni ya bomba nene zaidi na stika inakudanganya. Nenda na nguzo ya kupimia unapokwenda kununua.

Lengo langu lilikuwa njia ya L'Eroica, ile inayoanzia na kuishia Gaiole in Chianti, mji mdogo wa Toscana katikati ya Italia, kilomita 209, zaidi ya mita 3,000 za kupanda, na karibu nusu yake ni barabara nyeupe za changarawe. L'Eroica ni msafara wa baiskeli za zamani ulioanza mwaka 1997, nao ulianzishwa hasa ili barabara hizo zisimwagiwe lami. Siku yenyewe ni Jumapili ya kwanza ya Oktoba, na masharti yake ni makali: baiskeli ya kabla ya 1987, vijiti vya gia kwenye bomba la chini, pedali za kufungwa kwa mikanda, nyaya za breki zikining'inia nje ya usukani. Ila njia imewekewa vibao vya kudumu, kwa hiyo unaweza kuipita wakati wowote wa mwaka. Mimi nilikwenda Mei, bila umati, lakini baiskeli niliitengeneza kwa masharti yaleyale.

Sasa turudi kwenye kikombe. Krenki, yaani mikono ya pedali, zilitoka, kikombe cha kushoto kikatoka bila shida, ekseli ikatoka, gololi zikamwagika zikiwa zimeliwa na kutu. Cha kulia kikagoma. Kina mabapa mawili ya spana ya 36, membamba, ya milimita chache tu, na spana huteleza ukiitazama vibaya. Nilimwagia mafuta ya kulegeza kutu, nikalaza usiku, asubuhi nikachomeka spana kwenye bomba la mita moja nikavuta kufuata mwendo wa saa kama nilivyoambiwa. Ikateleza, ikachana rangi. Nikavuta tena. Kilisogea kidogo, nikafurahi. Kumbe nilikuwa nakaza.

Jioni ya siku ya pili ndipo nilipochukua kipimo cha venia nikapima upana wa kasha la ekseli, lile bomba fupi la fremu ambamo ekseli ya pedali hukaa: milimita 70. Hapo mambo yote yakawa wazi. Kasha la Kiingereza ni 68. La 70 ni la Kiitaliano, na thredi yake ni 36 kwa 24, yaani kipenyo cha milimita 36, nyuzi 24 kwa kila inchi. Kwenye baiskeli ya Kiingereza thredi ya kulia imegeuzwa. Kwenye ya Kiitaliano pande zote mbili ni thredi ya kawaida. Zote hufunguliwa kinyume cha saa. Mara nyingi namba 36 x 24 imegongwa kwenye uso wa kikombe chenyewe. Futa grisi usome kabla ya kugusa spana.

Kujua upande wa kuzungusha hakukutosha, maana sasa kilikuwa kimekazwa kwa bomba la mita moja. Dawa yake ni bolti. Wengi wanaijua dawa hii kwa baiskeli ya Kiingereza: unapitisha bolti nene kwenye tundu la kikombe, unaweka washa na nati, unakaza kufuata saa mpaka bolti ikishike kikombe, unaendelea kuzungusha, nacho kinatoka. Hesabu hiyo kwa Kiitaliano inageuka. Unatakiwa kuzungusha kinyume cha saa, na ukizungusha kinyume cha saa unachofungua kwanza ni nati yako. Nilijaribu kwa nati moja nikaona kwa macho: bolti ikalegea, kikombe hakikutikisika.

Kinachohitajika ni nati mbili zinazofungana, na nati mbili huwezi kuzifikia kwa spana zikiwa ndani ya kasha. Kwa hiyo nilizitoa nje. Nilinunua bolti ya M16 yenye urefu wa sentimita 15, yenye thredi sehemu kubwa, nati mbili, washa nene tatu, na nikakata kipande cha bomba la maji la robo tatu inchi, urefu wa sentimita 8. Vyote havikufika euro kumi. Bolti inaingia kutoka kulia ikiwa na washa chini ya kichwa. Kwa ndani, kabla ya bomba kugusa kikombe, niliweka washa ya shaba nyekundu, kwa sababu njia ya gololi ni laini kama kioo na chuma kikiikwaruza kikombe hakifai tena. Kisha kipande cha bomba, ambacho kinatokeza nje upande wa kushoto, kisha washa, kisha nati ya kwanza. Hiyo nikaikaza mpaka bomba la mita moja likakataa. Kisha nati ya pili, na hizi mbili nikazifunga moja dhidi ya nyingine kwa spana mbili za 24, moja ikivuta huku, nyingine kule.

Sasa bolti, nati na kikombe ni kitu kimoja. Nilimwagia kasha maji ya moto ya birika (moto wa gesi usithubutu, utaunguza rangi na unaweza kuyaharibu maungio), nikashika kichwa cha bolti kwa spana ndefu, nikavuta kinyume cha saa, taratibu, uzito wa mwili mzima. Ka! Kama kuni kavu inavyopasuka. Kikatoka kizima, mabapa yake hayakuguswa, na thredi ya kasha inang'aa chini ya kutu.

Kurudisha kuna lake. Kikombe cha kulia cha Kiitaliano kina tabia ya kujifungua chenyewe unapopiga pedali, na hiyo ndiyo kasoro ya mfumo wao, hata anayeupenda akubali. Safisha thredi kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani hadi ikauke, usipake grisi, paka gundi ya thredi ya nguvu ya kati, kisha kaza kwa bolti ileile. Safari hii nati moja inatosha, kwa sababu kukaza nati na kukaza kikombe ni upande mmoja. Gololi ni robo inchi, 11 kila upande, bila kizimba cha kuzishika. Mwisho chora mstari wa rangi ya kucha ukivuka kutoka kwenye kikombe hadi kwenye kasha. Siku nusu zake mbili zisipotazamana, utajua kikombe kimesogea.

Gia ndilo suala ambalo watu hulidharau mpaka wafike kwenye mlima. Krenki za Nuovo Record zina mduara wa bolti wa milimita 144, ambao haukubali gurudumu la meno la mbele lenye meno chini ya 41. La kawaida ni 42. Kwa 42 mbele na 24 nyuma utashuka na kusukuma. Nafuu yote lazima itoke nyuma. Niliweka friwili, yaani seti ya magurudumu ya meno ya nyuma, ya 14 hadi 28. Kibadilisha gia cha Nuovo Record kiliundwa kwa meno 26, na ukifunga 28 kijigurudumu cha juu hugusana na meno na kukwaruza. Vuta gurudumu nyuma kabisa kwenye mdomo mrefu wa fremu unaoshika ekseli yake, nafasi itapatikana, halafu pima upya urefu wa mnyororo ukiwa umepita kwenye meno makubwa ya mbele na ya nyuma kwa pamoja. Mnyororo mfupi hapo utang'oa kibadilisha gia.

Kuhusu upepo wa tairi, kuna ushauri mwingine mbovu: jaza bar nane (bar ni kipimo cha msukumo wa upepo), eti baiskeli ya mbio. Kwenye changarawe yenye mawimbi, tairi ngumu hurukaruka, breki hazishiki na mikono hufa ganzi. Kwa uzito wangu wa kilo 75 na tairi za milimita 28, bar 4.5 mbele na 5 nyuma zilikuwa sawasawa. Chini ya 4, tyubu inabanwa kati ya jiwe na ringi na kutoboka matundu mawili yanayolingana.

Treni haina taabu ukichagua ya mikoa. Ina alama ya baiskeli kwenye behewa, unalipia baiskeli euro tatu na kitu kwa siku, na tiketi ya karatasi unaigonga kwenye mashine kabla ya kupanda. Treni za kasi zinataka baiskeli iliyofunguliwa na kuwekwa ndani ya begi. Kutoka Firenze hadi Siena ni kama saa moja na nusu. Stesheni ya Siena iko bondeni na mji uko juu, lakini mkabala na stesheni kuna mfululizo wa ngazi za umeme unaopanda hadi karibu na Porta Camollia. Kutoka Siena hadi Gaiole ni chini ya kilomita 30, na ni pasha-misuli nzuri.

Niligawa njia kwa siku mbili, nikalala Montalcino. Mapema asubuhi unapanda kuelekea kasri la Brolio kati ya miberoshi mirefu na mizabibu, vumbi bado limelala kwa umande. Upande wa kusini wa Siena miti inaisha na inaanza Crete Senesi, vilima vya udongo wa mfinyanzi vilivyo wazi kama mawimbi yaliyoganda. Sehemu ya Monte Sante Marie, karibu na Asciano, ina kilomita 11.5 za changarawe zinazopanda na kushuka bila huruma. Ni ileile wanayopita waendeshaji wa Strade Bianche, mbio za baiskeli zilizoanza 2007 na kuishia Piazza del Campo, uwanja mkuu wa Siena. Kwenye mteremko kaa nyuma ya kiti, breki ya nyuma zaidi ya mbele, na ufuate michirizi miwili ya matairi ya magari. Katikati changarawe ni tifutifu. Kwenye mpando mkali usisimame juu ya pedali, tairi ya nyuma itazunguka bure. Na legeza mkanda wa mguu mmoja kabla ya mpando kuanza, siyo ukiwa umeshaanza kuanguka.

Chakula ni sehemu ya hesabu ya safari. Jiko la mkahawa wa kijijini hufungwa kama saa nane na nusu mchana na halifunguki mpaka saa moja na nusu usiku, na duka la vyakula nalo hulala mchana. Ukichelewa Monte Sante Marie hutakula. Asubuhi kunywa kapuchino umesimama kaunta. Ukikaa mezani bei hupanda. Mkate wa Toscana hauna chumvi kabisa, na mwendeshaji aliyetoka jasho anaihitaji, kwa hiyo uule na jibini ya pecorino. Ribollita ni kiporo kilichopewa heshima yake: maharage meupe, kabichi nyeusi na mkate mkavu uliolala, vilivyopikwa jana na kuchemshwa upya leo, na leo ndiyo vitamu. Asiyekula nguruwe aseme "senza maiale" na aulize hata supu, maana wengine huchemshia ngozi au mafuta yake.

Chakula kilichonibeba ni pici all'aglione. Unga na maji, basi, umekandwa kama wa chapati, ukaachwa nusu saa, ukakatwa vipande na kila kimoja kikasokotwa kwa kiganja hadi kiwe kamba nene. Mchuzi ni kitunguu saumu kikubwa cha huko, nyanya, pilipili kidogo na mafuta ya zeituni. Nilijifunza kusokota: gramu 400 za unga, maji mililita 200, kijiko cha mafuta. Meza isiwe na unga mwingi, kamba itateleza badala ya kusokoteka. Dakika tano hadi saba kwenye maji ya chumvi yanayochemka.

Siku ya pili, saa kumi na moja jioni, niliingia Gaiole nikiwa mweupe wa vumbi hadi kope. Kabla ya kuagiza chochote niliilaza baiskeli kwenye nyasi, nikafuta kasha kwa kitambaa. Nusu mbili za mstari wa rangi ya kucha zilikuwa bado zinatazamana.