Anakula nini? Kirstie na farasi wake wa majini

Kila nikishika kitabu cha watoto kuhusu mtoto aliyeokota yai la ajabu, likaanguliwa joka au farasi mwenye mabawa, swali langu la kwanza ni hilo: anakula nini? Kazi yangu hapa Mwanza ni kutotolesha vifaranga vya kuku na bata. Siwezi kusoma kuhusu mnyama anayeongezeka mwili siku hadi siku nisione popote mtu aliyebeba ndoo ya chakula. Waandishi wengi hulipita haraka. Usiku yai limepasuka, asubuhi tayari ni marafiki, sura inayofuata mtoto yuko mgongoni anapaa.

Ndiyo maana likizo hii, watoto wa kaka zangu walipojaa nyumbani, niliwasimulia The Water Horse (Farasi wa Majini) cha Mwingereza Dick King-Smith, kilichotoka mwaka 1990. Nilikuwa nakisoma mchana banda likiwa limetulia, jioni nawasimulia kwa Kiswahili.

Hadithi iko pwani ya Uskoti, mwaka 1930. Baada ya usiku wa dhoruba, msichana wa miaka minane anayeitwa Kirstie anaokota ufukweni kitu mfano wa mfuko wa ngozi. Vitu vya namna hiyo vipo kweli. Ni maganda ya mayai ya samaki fulani wa jamii ya taa na ya baadhi ya papa, na bahari huyatupa nje mara nyingi yakiwa matupu. Hili la Kirstie ni kubwa kupita kawaida, na si tupu. Analipeleka nyumbani kwa siri, analitia kwenye hodhi la kuogea lenye maji, na kulipokucha kuna mnyama anaogelea humo, kichwa cha farasi, mkia wa mamba. Anapewa jina la Crusoe.

Kuanzia hapo kitabu ni malezi matupu, na hapo ndipo kilinishika. Hodhi halimtoshi, anahamishiwa kwenye kidimbwi cha samaki wa mapambo. Kidimbwi nacho kinakuwa kidogo, anapelekwa kwenye ziwa dogo la karibu. Mwisho hata hilo halifai, inabidi atafutiwe ziwa kubwa kweli. Kila aliyewahi kufuga anaijua safari hii. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki mpaka azoee hali ya hewa ya nje. Huhitaji hata kipimajoto ukijua kuwatazama. Wakibanana chini ya taa huku wanalia, wana baridi. Wakikimbilia pembeni midomo wazi na mabawa yameachana na mwili, umewachoma. Wakitawanyika, huyu anadonoa, yule kalala, nenda kanywe chai. Na ukishapata kipimo sawasawa, tayari wamekua, banda ni dogo, unaanza upya.

King-Smith aliyajua haya kwa mikono yake. Alizaliwa 1922, akapigana Italia katika Vita Kuu ya Pili na kujeruhiwa, kisha akawa mkulima na mfugaji kwa miaka 20 hivi. Ukulima ukamshinda kifedha, akasomea ualimu, akafundisha shule ya msingi. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1978, akiwa na miaka 56, na hadi anafariki mwaka 2011 alikuwa ameandika zaidi ya 100. Yule nguruwe mchunga kondoo wa filamu ya Babe ya mwaka 1995 ni wake. Naamini miaka ile ya zizini ndiyo iliyomwezesha kumwandika mnyama asiyekuwepo duniani, ukamsoma na kuona kabisa kwamba kesho atakuwa na njaa.

Watoto wangu walilidaka jambo hilo kuliko nilivyotarajia. Crusoe alipohamia ziwa dogo, wa darasa la nne akaniuliza, "Shangazi, akiwa hapa kwetu atakula dagaa sado ngapi kwa siku?" Tukaacha kitabu tukaanza hesabu. Mkubwa wao akasema ukinunua rejareja utafilisika, bora kwenda Mwaloni kule Kirumba alfajiri, boti zinapoingia. Mdogo akasema yeye angempa dagaa zake za mchana. Dada yake akamuuliza, "Na wewe utakula nini?" Akanyamaza, akafikiri kweli. Sikufika mbali na hadithi jioni ile, na sikujali. Mtoto anayepiga hesabu ya chakula cha mnyama wa kufikirika ameshamkubali kwamba yupo.

Kuna jambo jingine ambalo sikulikuta katika vitabu vingi vya aina hii. Kwa kawaida mnyama wa ajabu ni siri ya mtoto, na watu wazima ni wa kukwepwa: wanapiga kelele, wanaita polisi, wanataka kuuza. Hapa siri inakaa muda mfupi tu. Kirstie ana mdogo wake Angus, ana mama yake, ana babu yake ambaye hunung'unika siku nzima hadi jina lake nyumbani linatokana na manung'uniko hayo. Babu huyo ndiye anayemtambua mnyama, kwa sababu masimulizi ya farasi wa majini ni ya kale huko kwao. Baba ni baharia, yuko safarini muda mrefu. Familia nzima inaingia kazini. Huo ndio ukweli wa kufuga, maana mtoto wa miaka minane hawezi kulea hata bata watano peke yake. Atasahau maji siku moja tu ya jua kali, na siku moja inatosha.

Filamu ya mwaka 2007 ilibadilisha karibu yote hayo. Kirstie akawekwa pembeni, Angus akawa ndiye mhusika mkuu, hadithi ikasogezwa hadi wakati wa vita, wakaja wanajeshi na mizinga, na mama akafichwa habari za mnyama. Naelewa kwa nini: mvulana mpweke anayemsubiri baba aliye vitani anatoa machozi upesi. Picha ni nzuri, Angus anapompanda mnyama mgongoni majini watoto walishangilia. Lakini mimi nilimkosa yule babu na familia yake, na nikaona mnyama amegeuzwa dawa ya huzuni ya mtoto. Katika kitabu Crusoe ni mnyama, ana haja zake, na watu ndio wanaojipanga kuzitimiza.

Ziwa wanalomfikisha mwishoni ni Loch Ness, na mwandishi alichagua mwaka kwa makusudi. Mei 1933 gazeti la Inverness, mji ulio karibu na ziwa hilo, lilichapisha habari ya watu walioona kitu kikubwa kikifurukuta majini, na tangu hapo dunia haijaacha kumtafuta mnyama wa Loch Ness. Kwa hiyo mtoto anayekisoma anabaki na siri ambayo dunia haina: anajua alikotoka na nani alimlea. Tulifungua ramani. Loch Ness lina urefu wa kilomita 37 hivi, jembamba, lakini kina chake kinafika mita 230. Ziwa letu Victoria, lenye kilomita za mraba zaidi ya 68,000, kina chake kikubwa ni mita 80 na kitu. Watoto walikaribia kugombana. Hawakutaka kukubali kwamba kijiziwa kile kinatushinda kwa kina. Nikawatuliza na Lukwata, mnyama mkubwa wa ziwa hilihili katika masimulizi ya Waganda. Wakataka kujua mara moja anataga au anazaa.

Mkubwa akauliza jambo ambalo nami lilinisumbua: aliyetoka baharini ataishije maji baridi? Nikamwambia kuhusu mikunga, samaki warefu kama nyoka. Mikunga wa mito yetu inayoingia Bahari ya Hindi huzaliwa mbali baharini, kisha wakapanda mitoni na kuishi humo miaka. Wa Loch Ness nao wanatoka Atlantiki. Wanasayansi walipopima vinasaba katika maji ya ziwa lile na kutoa matokeo mwaka 2019, walikuta vya mikunga kwa wingi, na hawakukuta dalili yoyote ya mtambaazi mkubwa. Mdogo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema Crusoe alikuwa amejificha siku hiyo.

Ninachotaka sasa ni hadithi ya namna hii iliyoandikwa kwa Kiswahili tangu mstari wa kwanza. Mtoto wa Ukerewe au wa Mafia, yai lisilo la kawaida, bibi anayelijua, shangazi anayekopesha beseni, na mwandishi asiyeona haya kutaja pumba na samadi. Wewe unayeandika, kama hujawahi kuona yai lenye uhai, njoo. Siku ya saba mimi humulika mayai kwa tochi gizani: lisilorutubishwa linang'aa tupu, na lililo hai lina mishipa myekundu iliyotawanyika na doa jeusi katikati linalocheza. Utaishika tochi mwenyewe. Nauli ya daladala na chai ni juu yangu, nawe utaniachia nakala ya sura ya kwanza, kwa sababu shule zinafungwa tena Juni na hawa watoto wameshaniambia hawataki kurudia Kirstie.