Mabwawa ya majitaka yalivyonifundisha uhandisi wa mazingira

Kidato cha tano na sita nilisoma PCM (fizikia, kemia na hisabati), maana yake baiolojia niliiaga kidato cha nne. Nilipoanza digrii ya sayansi na uhandisi wa mazingira Dar es Salaam nikaikuta inanisubiri: bakteria, mwani, mayai ya minyoo. Wenzangu wa PCB, waliosoma baiolojia badala ya hisabati, walikuwa raha mustarehe upande huo, lakini haidroliki na milinganyo ya tofauti (differential equations) iliwatoa jasho. Fani hii haimwachi mtu na upande wake mmoja. Unasoma kemia ya maji, taka ngumu, uchafuzi wa hewa, mpaka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na ukichukua kila somo kivyake utakesha unakariri.

Kilichonifungulia njia ni hesabu ya mizania. Chukua eneo lolote, liwekee mpaka, kisha uliza: nini kinaingia, nini kinatoka, nini kinageuka kuwa kitu kingine humo ndani, na nini kinabaki. Ni kama daftari la dukani. Nikaanza kuchora boksi na mishale kwa kila mada, iwe ni ziwa, dampo au chumba chenye moshi wa mkaa. Milinganyo iliyokuwa inanitisha ikawa na maana, kwa sababu kila herufi ilikuwa na mshale wake.

Lakini mchoro peke yake hautoshi. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna mabwawa ya kusafishia majitaka, na hapo ndipo baiolojia iliponiingia. Bwawa la mwanzo katika mfumo kama huo huwa na kina kirefu na halina oksijeni. Uchafu mzito unatuama na bakteria wasiohitaji hewa wanaumeng'enya. Linalofuata ni la kina kifupi, kijani kibichi. Mwani unatumia jua kutengeneza oksijeni, bakteria wanaitumia kula uchafu, wanatoa kabonidayoksaidi, nayo mwani unaichukua tena. Hakuna pampu wala umeme! Jua letu la pwani ndilo linalofanya kazi. Nilipojua hivyo nikaacha kabisa kuiona teknolojia hii kuwa ya kimaskini.

Pima bwawa hilo alfajiri na upime tena alasiri, utaona maajabu. Alfajiri oksijeni karibu imekwisha, maana usiku mwani nao unapumua. Alasiri inafurika, na pH inaweza kuvuka 9, hali inayowaua bakteria wengi wa kinyesi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kipimo cha BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria wanahitaji ili kumeng'enya uchafu ulio majini, hufanywa gizani, nyuzi 20, kwa siku 5: chupa ikipata mwanga, mwani utazalisha oksijeni na jibu litakudanganya. Maelekezo ya maabara niliyokuwa nayafuata tu yakageuka kuwa hoja. Na kiwango cha miligramu 30 za BOD kwa lita, ambacho kanuni zetu zinaweka kwa majitaka yanayoachiwa mtoni, nikakitazama kama kazi ninayotakiwa kuifanikisha.

Diskasheni yetu tuliipanga makusudi iwe na mchanganyiko. Sisi wa PCM tulibeba hesabu, wa PCB wakabeba viumbe, na sheria ilikuwa kwamba anayefundisha lazima achore. Mtu asipoweza kuchora mishale yake, mada haijaisha, tunarudi mwanzo. Karatasi za mitihani iliyopita tulizifungua baada ya hapo.

Kama unaingia mwaka wa kwanza, kwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, nakusihi uombe mahali ambapo maji yanapita: mamlaka ya maji, kiwanda chenye mtambo wake wa majitaka, hata hospitali kubwa. Omba pia uruhusiwe kuchukua sampuli kwenye mlango wa kuingilia na wa kutokea, siku hiyohiyo, kwa mkono wako. Namba hizo mbili zitakupa maswali ya kutosha hata kwa mradi wa mwaka wa mwisho.