Koili kubwa ilivyoninyima pete ya Paje

Wiki hii kijana mmoja wa Bwejuu kaniuliza, "Ami, koili ya ditekta ninunue ya inchi ngapi?" (Ditekta ni mashine ya kutafutia vitu vya madini vilivyofukiwa, na koili ni ile sahani yake ya chini inayofagia mchanga.) Kabla sijafungua mdomo akanambia ameshashauriwa achukue kubwa kuliko zote. Nami niliambiwa hivyohivyo. Aliyeniambia alifanya kazi miaka kadhaa kwenye machimbo ya dhahabu kule Chunya, na sina ugomvi naye, ila ushauri wake ulinila kama laki sita pamoja na usafiri, na nusura watu waondoke Zanzibar bila ya pete yao ya ndoa. Ndiyo maana naandika.

Mashine yangu ni Minelab Equinox 800, niliinunua kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuja na koili yake ya inchi 11. Kwa mashine hiyo kuna pia ndogo ya duara ya inchi 6, na ile kubwa yenye umbo la yai, inchi 12 kwa 15. Yule bwana akanambia koili ndiyo jicho la mashine, na jicho kubwa linaona mbali. Kwa Chunya anasema kweli: ardhi kavu, na mtu anatafuta kipande cha dhahabu kilichozama chini sana. Lakini pwani yetu ya mashariki ni kitu chengine kabisa. Mchanga wetu ni mweupe, umetokana na matumbawe, hauna chuma cha kuisumbua mashine. Adui yetu ni chumvi. Maji ya bahari yanapitisha umeme, kwa hiyo mchanga uliolowa nao mashine inausikia kama kwamba ni kitu cha madini. Na koili ikiwa pana inasikiliza mchanga mwingi kwa mara moja, maana yake inasikiliza chumvi nyingi kwa mara moja. Hili hakuna aliyenambia.

Sasa niwahadithie ya Paje.

Walikuwa bwana na bibi harusi kutoka Dar, wako fungate. Bahari ilikuwa bamvua, maji yametoka mbali, wakashuka kwenda kupiga picha kule kwenye mchanga uliobaki wazi. Waliporudi, kidole cha bibi harusi kitupu. Wakaletwa kwangu na mlinzi wa pale walipofikia.

"Kaka, tunaomba utusaidie. Ni pete ya ndoa, hatuna hata wiki mbili," bwana akasema. Yule dada hakusema kitu, alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto tu.

Jambo la kwanza nililofanya, na hili naliona ni la maana kuliko mashine yenyewe, niliwaomba simu. Nikazipitia picha zao moja moja. Kwenye moja pete inaonekana wazi, ameweka mkono shavuni. Picha ya nne baada ya hiyo, kidole hakina kitu. Nyuma yao kwenye zote mbili kulikuwa na mnazi uliopinda na paa la makuti lenye kiraka cheusi. Nikashuka nayo simu mpaka pwani, nikasogea kushoto na kulia, mbele na nyuma, mpaka mnazi na paa vikakaa pale vilipokaa kwenye picha ya kwanza. Nikachomeka kijiti. Nikafanya vivyo hivyo kwa picha ya pili. Ule uwanja mzima wa mchanga, ambao maji yakitoka huoni mwisho wake, ukabaki hatua arubaini kwa kumi na tano. Hapo maji yalikuwa yameshaanza kurudi, nikawaambia tungoje kesho.

Kesho yake saa nne asubuhi nikenda na koili kubwa. Eneo dogo, koili pana, nilijua nusu saa inatosha. Nilipoiwasha tu juu ya mchanga wa maji ikaanza kulia. Nikiipitisha kutoka kwenye tuta la mchanga kuingia kwenye kijidimbwi, inalia. Nikinyanyua mkono kidogo mwisho wa kufagia, inalia. Usikivu, yaani nguvu ya mashine kusikia, nilikuwa nimeuweka 20, nikaushusha 18, nikashusha 15, mpaka ilipofika 11 ndipo ikanyamaza. Nami nikafurahi kwamba imetulia! Sikujua kwamba nimeinunua kwa ajili ya kina, kisha nimekitupa kina chote ili ninunue ukimya.

Nikalifagia lote, kwa urefu na kwa upana. Nilitoa chubwi mbili, kipande cha bati, vizibo vya soda sijui vingapi, na sarafu moja ya 200 yenye sura ya Mzee Karume, iliyokuwa chini zaidi ya shubiri. Ile sarafu ndiyo iliyonipoteza. Nikajisemea, kama imeisikia sarafu chini vile, basi pete ingekuwepo ingeonekana. Maana yake haipo, imechukuliwa na maji au imeokotwa. Karibu ya mwisho nilikuwa vizibo sivichimbi tena. Nikisikia chuma napita. Bega linaniuma, maana koili ile nzito, na ndani ya maji ya magoti ni kama unasukuma sinia. Nikawarudia nikawaambia sijaiona. Yule dada akasema "Asante kaka" kwa sauti ndogo, akaingia ndani.

Sikula vizuri mchana ule. Jioni nikamwambia mke wangu, nipe pete yako nikajaribie. Ni pete nyembamba ya dhahabu, kama ile ya Paje. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Nakupa, lakini kamba naishika mimi." Kwa sababu nilikuwa nimeshaandaa mshipi wa kuvulia, nimeufunga kwenye pete fundo mbili, ili nikiizika isipotee. Usiku maji yalipotoka tukashuka pwani kwetu Jambiani na tochi. Mimi nikichimba kitundu, naizika pete kwa vidole vinne, kisha kwa futuri (gumba mpaka kidole cha shahada), kisha kwa shubiri, nafukia, nashindilia kwa mguu. Yeye kasimama pembeni na mshipi umezungushwa kwenye kiganja. Koili zote tatu nilikuwa nazo, ile ndogo nimeazima kwa rafiki wa Kiwengwa. Nikawa nabadilisha moja baada ya moja, mchanga ule ule, pete ile ile.

Koili kubwa iliisikia pete kwa vidole vinne, na kwa sauti iliyofifia, ungeweza kudhani ni chumvi. Kwa futuri, kimya kabisa. Ya inchi 11, nikiwa nimeweka usikivu 19 na haipigi kelele, iliisikia mpaka futuri kila nilipopita. Ile ya inchi 6 ilipiga kali na safi kwa vidole vinne na kidogo zaidi, kisha ikakata. Nikaizika sarafu ya 200 kwa shubiri: hapo kubwa ikawashinda wenzake. Basi nikaelewa. Kubwa inakitaka kitu kikubwa. Kitu chembamba kinamezwa ndani ya upana wake, na chumvi inakizidi nguvu.

Siku ya tatu maji yalikauka karibu na adhuhuri, na wale walikuwa na boti ya jioni. Nilikwenda na ya inchi 11. Mama mmoja wa mwani aliniazima vijiti vyake na kamba, nikazivuta kama wanavyopanga wao mistari ya mwani shambani, hatua moja baina ya kamba na kamba, nikawa nafagia mstari kwa mstari bila kuruka. Hii koili ni ya aina ya DD, inasikia kwa mstari mrefu wa katikati kutoka mbele hadi nyuma, kama ubapa wa kisu, kwa hiyo ukipishana nusu yake kila hatua hubakishi mchanga. Zile za duara ndani ya duara zinasikia kama kikombe kilichosimama kwa ncha: chini kabisa panabaki pembamba, na asiyejua anaacha mapengo bila habari.

Mstari wa sita, sauti ya chuma. Kizibo. Lakini pembeni yake, nikirudi kutoka upande mwengine, ikatoka sauti fupi nyengine, laini. Nikapita tena, chuma. Nikageuka nikapita kwa kukata msalaba, ile laini ikarudi. Nikavua ya 11 nikafunga ile ndogo ya 6 pale pale, magoti kwenye maji. Kwa ndogo vikajitenga: kizibo hapa, na kiasi cha kiganja mbele, kitu chengine. Nikachota kwa kichoteo changu chenye matundu, nikatikisa. Maji meupe kama tui yakachuruzika kwenye matundu, mchanga ukapungua, kikabaki kigamba kidogo cha kome, uzi wa mwani, na pete imesimama kwa ubavu, imeegemea kome. Nina yakini mahali hapo nilipapita siku ya kwanza. Koili ya inchi 15 ilivisikia viwili kwa pamoja ikasema chuma, na mimi nikapita.

Yule dada aliivaa ikiwa bado na mchanga, hakutaka hata kuisuuza.

Kwa hiyo kijana wangu wa Bwejuu, na wengine: kama una mashine ya masafa mengi kwa pamoja kama hii yangu, anza na hiyo 11 iliyokuja nayo na uijue kwanza. Pesa ya koili ya pili weka kwenye ndogo, hasa kama unafanya kazi mbele ya mahoteli Nungwi na Kendwa, ambako vizibo na vishikio vya makopo vimejaa. Usinunue koili ya kampuni nyengine kwa sababu plagi inafanana. Toa kile kifuniko cha chini ya koili ukioshe, mchanga wa maji ukiingia baina yake na koili mashine italia siku nzima na wewe utailaumu chumvi. Kwenye mipangilio ya Equinox, ukiingia kwenye mawimbi weka Beach 2, nje yake Beach 1. Mjulishe sheha na wenye eneo kabla hujachimba, na sehemu za kale kama Unguja Ukuu na magofu ya Fukuchani usizikanyage na mashine, pale si mahali pa kuchimba sisi.

Kubwa sijaiuza. Mwezi uliopita nahodha mmoja wa hapa alipoteza nanga iliyofukiwa na mchanga wakati wa kusi, nikaitoa kwa koili ile ile, ndani ya robo saa, kwenye mchanga mkavu. Nimemwambia mke wangu asiitundike karibu na jiko.