Nilivyopanga muziki na video za nyumbani mpaka baba akaanza kujichagulia mwenyewe

Baba alikuwa akikaa mbele ya TV na rimoti mkononi, anashuka, anashuka, na kwenye kioo anaona "Track 01", "Track 01 (2)", "AUD-20190312-WA0007". Baada ya muda anachoka, ananiita: "Mwanangu, hebu niwekee Mbaraka." Alimaanisha nyimbo za mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe. Eksteno yetu, yaani diski ya nje, ya terabaiti 2 ilikuwa na nyimbo zaidi ya elfu sita pamoja na video za familia tangu enzi za mikanda. Nyingi ya nyimbo hizo zilitoka kwenye kaseti alizonunua yeye kwa mshahara wake, akiwa kijana Morogoro. Iliniuma kuona hawezi kuzifikia bila mimi.

Kabla ya kugusa chochote nilikopi diski nzima kwenye diski nyingine. Somo hilo nilikwisha kulilipia. Zamani nilizihamisha DVD za harusi zote kwenye folda moja, bila kujua kwamba faili za DVD za video hubeba majina yale yale: VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB. Kompyuta ikauliza kama ifute zilizopo na kuweka mpya, nikabonyeza ndiyo. Harusi ya dada ikafutwa na harusi ya binamu. Alhamdulillahi shangazi alikuwa bado na DVD yenyewe kabatini.

Safari hii kila DVD niliipa folda yake kwanza, kisha nikatumia HandBrake, programu ya bure, kuigeuza kuwa faili moja: "2009-08 Harusi ya dada". Mwaka unatangulia, mwezi unafuata, na TV inazipanga yenyewe kwa tarehe. Nyimbo nazo nilizipa namba 01, 02, 03, maana ukiandika 1, 2, 3, TV nyingi huiweka 10 kabla ya 2. Video za WhatsApp zilihitaji kuuliza watu. Tarehe iliyo kwenye jina la faili si lazima iwe siku ilipopigwa. Video ya arobaini ya babu ilisomeka 2021 kwa kuwa ndipo iliporushwa kwenye kundi la ukoo.

Muziki ndio ulionikalisha usiku. Programu za kupanga nyimbo hutaka msanii, kisha albamu, na muziki wetu wa dansi hauingii vizuri kwenye mpango huo. Bendi ya NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuja kuitwa JUWATA, baadaye OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Bendi moja ilikuwa imetawanyika kwenye folda nne, na mama, anayewapenda kuliko sote, alikuwa anaiona moja tu. Hapa nyumbani hakuna anayesema OTTU. Wote husema Msondo. Basi nikafungua folda ya MSONDO, na ndani yake majina yote manne kwa kufuatana.

Kwa Mbaraka Mwinshehe nilitaka kutenganisha miaka yake ya Morogoro Jazz na ile ya Super Volcano, bendi aliyoianzisha 1973 na kudumu nayo mpaka alipofariki 1979. Baba akakataa kabisa. "Mimi namtaka Mbaraka. Habari ya bendi, akianza tu kuimba nitaijua." Nikamwachia folda moja. Wapo watakaosema kanuni iwe moja kwa diski nzima, lakini mimi naona jina la folda lifuate mdomo wa anayeitafuta. Folda za nje kabisa nazo nimehakikisha hazizidi nane, zienee kwenye kioo bila kushuka chini.

Zikabaki nyimbo 140 zisizo na jina wala mwimbaji, kaseti zake zikiwa zimepoteza makaratasi. Nikaziweka kwenye folda ya HAZIJAJULIKANA. Kila Jumamosi jioni rafiki wa baba, mzee aliyewahi kupiga gitaa la besi, anakuja tunazisikiliza. Mara nyingi gitaa la utangulizi likilia tu anainua kidole: "Huyu namjua!" Baba anambishia, wanarudisha mwanzo, wanasikiliza tena. Nami nimekaa pembeni na kompyuta, naandika jina la bendi wakikubaliana, na wasipokubaliana naandika yote mawili. Zimebaki 38.