Barua Nzuri, Mwalimu. Inasemaje?

Toleo la kwanza la barua ya habari ya shule yetu nilikutana nalo siku ya nne tangu litoke, limefungiwa mahamri. Nilisimama kwa mama anayeuza karibu na stendi ya bodaboda, akanipa mahamri mawili ya shilingi ishirini, na karatasi ilikuwa yangu. Upande wa nje ulikuwa na picha ya Mwalimu Mkuu, mafuta yamempanda hadi kwenye tai.

Sikusema kitu. Nilikula.

Mimi nafundisha Kiswahili katika sekondari msingi, kaunti ya Kilifi, Kenya, upande wa bara ambako bahari huisikia redioni tu. Watu wa hapa wanaiita JSS, kifupi cha Junior Secondary School. Ni madarasa matatu, Gredi ya 7 hadi ya 9, yaliyoanza kupachikwa ndani ya uwanja wa shule ya msingi Januari 2023. Mwalimu Mkuu ni mmoja, lango ni moja, tangi la maji ni moja. Wazazi wengi walikuwa bado wanasema mtoto “yuko darasa la saba”, na wengine waliniuliza KCPE ni lini, mtihani wa darasa la nane ambao mara ya mwisho ulifanywa 2023. Hawakuwa na kosa. Nani aliwahi kukaa nao chini akawaeleza?

Mwaka 2025 ndio tulikuwa na Gredi ya 9 kwa mara ya kwanza, sisi na nchi nzima. Katika kikao cha walimu cha kufungua muhula, Mwalimu Mkuu akasema wazazi lazima wapate habari kila mwezi: yaliyojiri na yajayo. Akanitazama. “Wewe ni mtu wa lugha.” Kazi ya ziada hugawanywa hivyo shuleni, ukijulikana kwa jambo umekwisha.

Niliifanya kwa moyo wote, hilo sitalikana. Kurasa mbili, kwa Kiingereza, kwa sababu Mkuu alisema Kiingereza kinaonyesha kiwango cha shule. Salamu zake zilichukua nusu ukurasa. Yakafuata maono na dhamira ya shule, pongezi kwa wanariadha wetu, shukrani kwa bodi. Mwisho kabisa wa ukurasa wa pili, juu ya kaulimbiu, nilichomeka mstari mmoja: Gredi ya 8 waje Jumatatu na waya, vipande vya mbao na misumari kwa mradi wa ufundi.

Jumatatu ikafika. Katika watoto 38, waliokuja na vifaa walikuwa sita.

Wiki hiyohiyo mzazi mmoja alikuja shuleni kwa jambo jingine. Barua ilikuwa kwenye mfuko wa shati, imekunjwa vizuri, haikuwa na hata doa. Akaitoa na kunionyesha kama mtu anayeonyesha kitambulisho. “Barua nzuri, mwalimu. Kizungu chake kimenyooka. Sasa inasemaje?”

Nikamwambia. Akanyamaza kidogo.

“Kumbe ni waya na misumari! Hilo nalo lilitaka karatasi mbili?”

Katika mkutano wa wazazi wa muhula ule niliomba dakika kumi nikawauliza wanataka kujua nini kuhusu shule. Nilitarajia waseme maendeleo ya masomo. Mama mmoja aliyekaa nyuma, mtoto mgongoni, akajibu bila kuinuka: “Mimi mlichofanya hakinisumbui. Kinachonisumbua ni kile mtoto atakachoniambia saa tatu usiku.” Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata walimu. Kila mzazi wa mtaala huu mpya wa umilisi, wa kazi za vitendo, anaijua saa tatu ya usiku. Duka limefungwa, moto umezimwa, ndipo mtoto anapokumbuka: mama, kesho tumeambiwa tuende na manila. Tumeambiwa tuende na gundi. Tumeambiwa tuende na kuku.

(Kuku ni kweli. Ilikuwa somo la Kilimo, na kuku mwenyewe alitoroka kabla ya somo kuanza.)

Basi nikaigeuza barua juu chini. Ukurasa mmoja. Kiswahili. Yajayo ndiyo yaanze, Yaliyojiri yafuate chini. Na kila jambo lijalo lijibu maswali matatu tu: siku gani, kitu gani, pesa ngapi.

Hilo la pesa lilinifundisha jambo ambalo miaka saba ya ualimu haikunifundisha. Nyanya mmoja anayelea wajukuu watatu, hapa tunawaita hawe, aliniambia karatasi ya shule huwa haifungui. Anaiweka chini ya mkebe wa sukari mpaka apate hela, kwa sababu anajua ni deni. “Mwanangu, karatasi ya shule iliwahi kuniletea nini kingine?” Zile tulizomwalika aje kumtazama mjukuu akiimba zililala chini ya mkebe pamoja na za madeni. Tangu hapo, jambo lisilo na malipo linaanza na maneno mawili hayo: Hakuna pesa. Linasomeka hivi:

“Hakuna pesa. Alhamisi saa nane mchana. Gredi ya 7 wanaimba mbele ya wazazi. Njoo na kikalio, viti ni vichache.”

Mwalimu Mkuu hakufurahi. Salamu zake nilizipunguza hadi mistari mitatu, tena chini kabisa. Majuma mawili alinisalimia kwa kidevu. Simlaumu sana. Shule inayosubiri mgao wa serikali, shilingi 15,042 kwa mwanafunzi kwa mwaka, unaokuja kwa mafungu na kwa kuchelewa, haimwachii mkuu mahali pengi pa kuonekana kama mkuu. Kilichomlainisha ni hesabu. Kurasa mbili kwa nyumba 94 kwenye duka la kopi ni shilingi 940. Ukurasa mmoja ni 470. Hapo akaniita ofisini, akaniuliza kama mistari mitatu inaweza kuwa miwili.

Lakini kuandika vizuri ni kitu kimoja, na barua kufika ni kingine. Barua hufia kwenye mikoba. Nilikagua mikoba ya Gredi ya 7 siku moja nikakuta matoleo mawili yamekaa chini pamoja na ganda la embe. Tulikuwa na kundi la WhatsApp, wazazi 31 kati ya nyumba 94, na tangazo langu lilidumu juu kama dakika tano kabla ya kuzikwa na picha za maua za “Asubuhi njema” na mtu anayeuza sufuria. Wengine wote wana kabambe, simu ndogo zisizo na WhatsApp. Ujumbe mfupi una herufi 160, na Kiswahili chetu cha viambishi kinazila upesi: “hatutawarudishia” peke yake imeshakula kumi na sita.

Jibu lilikuwa kwenye mashine ya unga. Kila nyumba hapa inasaga. Kila baada ya siku chache kuna mtu, mara nyingi mama au mtoto mkubwa, anayesimama pale nusu saa au zaidi akingoja zamu, na hana la kufanya ila kutazama ukuta. Nikamwomba mwenye mashine aniruhusu kuweka ubao. Akasema sawa, ila nisiandike mambo ya siasa. Ubao ulikuwa mzee wa darasa la pili, umepasuka pembeni. Mwanafunzi wa Gredi ya 9 anayeishi jirani akapewa chaki na jukumu: kila Jumamosi asubuhi anaandika Yajayo, si zaidi ya mambo manne. Asiyejua kusoma anasomewa na aliye nyuma yake kwenye foleni, halafu wanaanza kulijadili, na wakishalijadili limefika hadi kwa asiyekuwa na mtoto shuleni. Mradi uliofuata wa Gredi ya 8 ulitaka chupa za plastiki na kamba. Wasiokuwa na vifaa walikuwa watano.

Sasa nikiri kosa langu, maana ni kubwa na lilibandikwa hadharani.

Juni 2025 wanafunzi wa Gredi ya 9 walikuwa wanachagua shule za sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi ya 12. Chaguo kumi na mbili kwa kila mtoto, na juu ya hapo mkondo wa masomo: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, au Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wazazi walikuwa na wasiwasi, na walimu pia tulikuwa na wasiwasi ila tulivaa koti juu yake. Tukaitisha kikao. Nikaandika kwenye barua, kwenye ubao na kwenye kundi: Jumanne tarehe 11.

Tarehe 11 ilikuwa Jumatano.

Waliosoma siku walikuja Jumanne. Waliosoma tarehe walikuja Jumatano. Mzee mmoja alikuja zote mbili, kwa tahadhari, na alitozwa nauli ya bodaboda mara nne. Jumanne afisa tuliyemwalika kueleza mikondo hakuwepo, yeye alisoma tarehe. Mwalimu Mkuu alisimama mbele ya watu akaomba radhi bila kunitaja jina, jambo lililoniumiza zaidi kuliko kama angenitaja. Tangu siku hiyo hakuna toleo linalotoka kabla binti mmoja wa Gredi ya 8, mkali kama mkaguzi, hajalisoma akiwa na kalenda ya ukutani mkononi. Ananirudishia mara moja kati ya mara tatu.

Ule upande wa Yaliyojiri niliwapa wanafunzi. Wawili kwa kila gredi, wanaandika ripoti, mimi nasahihisha tahajia na kuondoa umbea. Kazi hii ilikuza insha zao kuliko zoezi lolote nililowahi kuwapa, kwa sababu mara ya kwanza walikuwa na msomaji asiyekuwa mimi. Katika michezo ya muhula wa pili timu yetu ya mpira ilipoteza vibaya. Mwandishi wa Gredi ya 7 akaleta: “Tulifungwa mabao manne. Bao la tatu kipa alikuwa anafunga ndara.” Mkuu alitaka tuandike kwamba tulishiriki vyema. Nilipigania yale manne, na ndara ikabaki pia. Wiki iliyofuata mtu asiyejitambulisha aliacha ofisini jozi ya viatu vya michezo, vimetumika lakini vizima, namba nane.

Jambo ambalo karatasi ile ilifanya vyema kuliko mkutano wowote ni kueleza KJSEA, tathmini ya kumaliza Gredi ya 9. Wazazi waliamini mtihani wa mwisho ndio kila kitu, kama zamani. Nikaandika kwa mfano wa unga: ukiwa na vibaba kumi vya alama, sita vinatoka kwenye mtihani wa Gredi ya 9, viwili mtoto alishaviweka alipofanya KPSEA, tathmini ya kumaliza shule ya msingi, akiwa Gredi ya 6, na viwili vinatoka kwenye kazi za Gredi ya 7 na ya 8 zinazokaguliwa hapa shuleni. Mwenye mashine aliisoma kwanza, akauliza: “Kwa hiyo zile waya na mbao ni unga?” Ndiyo, ni unga. Alikuwa na mtoto Gredi ya 8. Hakuchelewesha vifaa tena.

Mtihani wenyewe ulikuja mwisho wa Oktoba, matokeo Desemba, na Januari 2026 wale wa kwanza wakatawanyika kwenda Gredi ya 10. Mwandishi wangu wa ubao alikuwa miongoni mwao. Nikamtafuta mwingine, na katika pilikapilika za kufungua muhula Jumamosi mbili zikapita bila kuandikwa chochote.

Jumapili iliyofuata mwenye mashine alinipigia simu. “Mwalimu, kuna mtu ameandika kwenye ubao wako.”

Nilikwenda nikiwa tayari kwa siasa au matusi. Kichwa chetu, Yajayo, kilikuwa bado pale, kimefifia. Chini yake, kwa mkono wa mtu mzima asiyezoea chaki:

“Hakuna pesa. Ijumaa saa mbili asubuhi. Chanjo ya mbuzi, uwanja wa chifu. Njoo na kamba.”

Siku na saa zilikuwepo, na kitu cha kubeba kilikuwepo. Nikaandika yetu chini yake, kwa herufi ndogo, nafasi ilikuwa imebaki kidogo.