Mchuma chai na mchimba kaburi

Lugha ile tuliitunga Tukuyu, wiki moja ya masika, mvua ikipiga bati hadi irabu ikawa lazima tupigiane kelele ndipo isikike. Mchezo wa jukwaani ulihitaji kabila dogo la kubuni, la mteremkoni mwa Mlima Rungwe, na mtunzi hakutaka Kinyakyusa kilichopindwapindwa. Tulikuwa watatu: Mnyakyusa, Mhehe, na mimi Mbena mshika daftari.

Ugomvi ulianza kwenye irabu. Kinyakyusa kina saba: tano hizi za Kiswahili, na mbili zaidi, moja ikiwa kati ya i na e, nyingine kati ya u na o. Huandikwa ɨ na ʉ. Mnyakyusa akashikilia saba. Kihehe kina tano pamoja na toni, hivyo mwenzetu alinasa sauti inayopanda na inayoshuka bila taabu, ila hizo mbili zilimpita. Tukampima. Mizizi mitatu, -sima, -sɨma na -sema, ilisomwa mara 20 bila mpangilio akiwa ametupa mgongo, naye akiandika alichosikia. Alipata 11. -sɨma aliiandika mara kwa i, mara kwa e, na waigizaji wengi walikuwa na masikio kama yake.

Kuzifuta ingekuwa rahisi. Badala yake tuliipeleka tofauti mwishoni mwa neno, na mpaka leo naona hiyo ndiyo kazi yetu bora. Kiswahili kina pika, pikia, lakini soma, somea: e au o ya mzizi huigeuza i ya kutendea kuwa e. Tukaamua ɨ na ʉ nazo zigeuze. -sima ikazaa -simila, -sɨma ikazaa -sɨmela. Asiyesikia mzizi atasikia mkia. Ila ilibidi tukataze mzizi wa ɨ kuwa na pacha wa e, maana mikia yao ingefanana. -sema ikafutwa papo hapo.

Ngeli hazikutusumbua: mu-/ba- ya watu, ki-/fi- ya vitu, ka-/tu- ya vitu vidogo, ambayo Kiswahili sanifu hakina lakini vijijini kwetu ipo.

Kosa lilitoka kwenye kanuni nzuri. Pika huzaa mpishi, iba huzaa mwizi; konsonanti hulainika mbele ya -i ya mtendaji. Lugha ya kubuni isiyo na vurugu kama hizo hunuka wino mbichi. Basi k ikawa s, na t nayo, kwa uvivu tu, ikawa s. -lika ni kuchuma chai. -lita ni kuchimba kaburi. Wote wawili: mulisi.

Tuligundua mazoezini, mwigizaji alipouliza mulisi wake aingie na kapu au na sululu. Mnyakyusa akataka t iwe ts, kazi ya dakika tano. Mtunzi akatuzuia. Aliandika upya onyesho la pili: mgeni anaomba apelekwe kwa mulisi, na wenyeji wanamwongoza kwa heshima zote hadi makaburini, kapu lake tupu mgongoni.